Sentensi Aliyoiruka Baba Mdogo

Jumapili. Mvua haijakatika tangu asubuhi hapa Kagugu, na viti vya kukodi bado viko uani, vinalowa.

Jana mdogo wangu Solange aliposwa. Gusaba, kama tunavyoita huku: pande mbili zinakaa zikitazamana, zinataniana, zinasifiana ng'ombe, na msemaji wa kila upande ni mwanamume. Wetu alikuwa baba mdogo. Ana sauti nzuri na fimbo nzuri. Maneno hana.

Maneno niliyaandika mimi, jioni tatu nikitoka kazini Masoro. Hata utani wa ng'ombe niliutunga mimi, ambaye sijawahi kukamua. Sikuwa na kinyongo. Kuku jike hawiki jogoo akiwepo, ndivyo tulivyofunzwa.

Nilichotaka ni sentensi moja tu. Niliiweka mwishoni, kabla Solange hajatolewa nje: "Binti huyu mnayemwomba amelelewa na mwanamke mmoja, aliyebaki mjane Karagwe, akalima mashamba ya watu mpaka wanawe wote watatu wakasoma."

Nilikaa nyuma na wanawake, karibu na Mama. Sikumtazama msemaji, nilimtazama yeye. Nilitaka kuuona uso wake sentensi ile ikisomwa kwenye kipaza sauti.

Haikusomwa.

Baba mdogo alitoka kwenye ng'ombe akaenda moja kwa moja kwenye shukrani. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Nilipomuuliza baba mdogo baadaye, alinishika bega kwa upendo. "Ile ya mama yako nimeiruka, mwanangu. Mbele ya wakwe si mahali pa mambo ya majembe." Halafu akanisifu kwa mwandiko mzuri.

Hasira ninayo, lakini inazidiwa na hamu. Natamani jana irudi. Nakitamani kile kipaza sauti, na naona aibu kukiri, mtu mzima mimi.

Leo tukiosha masufuria nilimsomea Mama ile karatasi. Aliacha kusugua. Hakunitazama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii nilisimama, nikatoa sauti kama wanavyotoa wasemaji wanaume. Jikoni hapakuwa na mkwe hata mmoja.

Mama alifuta macho kwa mkono wenye sabuni, ikabidi ayaoshe. Kisha akaniuliza, taratibu tu, kuhusu mdogo wetu wa mwisho: "Na Claudine akiposwa, utampa tena baba yako mdogo hiyo karatasi?"