Kamba ya Kisimani Ilipokwenda Harusini

Jumatatu, 4 Machi 1957

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kuokoa kunaanza na ushujaa. Kunaanza na vyombo. Nimelisema tena leo alasiri, barazani kwangu Kikwajuni, kama kila Jumatatu. Kikundi chetu cha kujitolea ni watu wazima wenye kazi zao, na bado wanapenda hadithi za mashujaa.

Nikaeleza upya. Kisima kilichofunikwa muda mrefu huweka hewa mbovu chini. Haina rangi, wala harufu ya kukuonya. Kwanza teremsha kandili. Ikizimika, mtu asishuke. Ikiendelea kuwaka, ashuke amefungwa kamba ndefu: ncha moja kiunoni mwake, ncha ya pili ya kumfungia aliyeanguka, walio juu wakiishika katikati. Yake mwenyewe asiifungue hata kidogo.

Shaame alifunga fundo bila kulitazama, kwa kitambaa cha kujifunzia. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Seremala. Mwembamba, mwepesi. Ndiye tuliyemchagua ashuke siku ajali ikitokea. Kwa hiyo uzima wa kamba ni uzima wake.

Masika inakaribia, watu wameanza kusafisha visima. Nataka kila kitu kiwe sandukuni.

Jumatano, 6 Machi

Nilikwenda kwa Bwana Mselem, mwenyekiti wetu, anayetunza sanduku la vyombo. Amelipaka rangi nyekundu mpya kwa ajili ya gwaride la Sikukuu. Ndani: bendeji, vibanzi vya kufungia mfupa uliovunjika, machela. Kamba hakuna. Kandili hakuna. Amemwazima jirani, Bi Zuhura, anayemwoza binti yake. Kamba ya kufungia turubai la wageni, kandili ya jikoni.

"Mwalimu, jirani ana harusi, nimwambie kamba ina kazi? Kazi gani? Tangu inunuliwe imelala tu. Iache nayo ikale biriani."

Waliokuwepo walicheka.

Najua kwetu kumnyima jirani mwenye shughuli ni aibu, na aibu hiyo watoto huirithi. Najua pia kamba ilinunuliwa kwa michango ya mtaa mzima, na si kwa turubai. Nimerudi nyumbani nimekereka.

Jumapili, 10 Machi

Harusi imekwisha. Turubai bado limesimama. Wageni wa Makunduchi hawajaondoka, wanasema.

Nilimtuma Shaame. Bi Zuhura akamjibu, "Mwambie mjomba wako asinikimbize. Kwani mimi naoza kila siku?" Shaame alinisimulia kwa sauti yake yule mama, na mkono kiunoni. Siku nyingine ningecheka.

Jumanne, 12 Machi

Kamba imerudi. Yaani vipande vyake viwili. Mafundi wa turubai waliikata vinne. Kimoja Bi Zuhura anaanikia nguo. Cha nne hakuna anayejua kiliko. Kandili bado.

Ukiunganisha vilivyorudi, vinafika chini ya kisima kwa mtu mmoja tu. Wa pili hana kitu. Nilimweleza Bwana Mselem polepole, kama ninavyoeleza darasani. Akanijibu kwamba tutachangisha baada ya Ramadhani, inshallah.

Leo namchukia mtu huyu.

Nimewapitia wenzetu wote majumbani. Asishuke mtu popote mpaka kamba ikamilike. Shaame alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa. "Nshasikia, mjomba."

Alhamisi, 14 Machi

Makame, mchimba visima, alishuka asubuhi kusafisha kile kisima cha zamani nyuma ya msikiti. Kimefunikwa miaka. Akanyamaza chini.

Mimi nilikuwa sokoni Darajani. Ninayoandika hapa nimeambiwa. Walimwita Shaame, wakaleta sanduku. Kandili haikuwemo. Shaame alisimama ukingoni akasema hashuki. Mke wa Makame analia. Mtu mmoja akasema, "Kila siku mnatupitia hapa na mikanda yenu ya gwaride. Waokozi wa nini nyie? Wa kuokoa ubwabwa?" Watu wakacheka. Mtu yuko chini anakufa, wakacheka.

Shaame akajifunga kamba. Akashuka.

Kamba ilikuwa ya mtu mmoja. Chini akajifungua, akamfunga Makame.

Nilifika Makame anawekwa juu ya mchanga. Wamemzonga, huyu na kitunguu cha kumnusisha, yule na ndoo ya maji. Niliwasukuma. Kifudifudi, uso upande. Kubana mgongo, kuinua viwiko, kubana tena. Akakohoa. Akapumua.

Kamba ilikuwa imeshateremshwa tena. Hakuna mkono ulioishika. Nilimwita. Shaame huitika naam hata usingizini. Hakuitika.

Tulimtoa kwa kulabu ya kuopolea ndoo. Nilimbana mgongo na kumwinua viwiko mpaka wakanishika mikono.

Jumamosi, 16 Machi

Tumemzika jana baada ya sala ya Ijumaa.

Kila anayeingia matangani anasema kadari. Naamini kadari. Lakini turubai nalo lina aliyelifunga, na kamba ina aliyeikata. Bwana Mselem alilia kwa sauti kuliko mimi, watu wakampa maji. Bi Zuhura ameleta sufuria ya wali na kipande chake cha kamba. Amekifua. Amekikunja vizuri. Nilisema ahsante kwa sababu nililelewa hivyo.

Makame alikuja, akaketi karibu na mlango. Sikuweza kumtazama. Nilimchukia kwa kuwa hai. Si haki. Ndivyo ilivyo.

Na Shaame nina hasira naye. Alilijua somo kuliko wote. Alisema hashuki, na alisema kweli. Kicheko tu kikamshinda.

Jumatatu, 18 Machi

Alasiri walikuja barazani wachache. Sikufundisha. Tulikunywa kahawa, mmoja akauliza habari za mvua, wakaaga.

Baadaye nilipita nyuma ya msikiti. Kisima kiko wazi. Siku ile tuliondoka wote na maiti, na tangu hapo hakuna aliyerudi. Kuku wanadonoa ukingoni. Mfuniko wa zamani umeoza, haufai hata kwa kuni.

Nimefungua karakana ya Shaame. Kuna mbao nne za mvule, zimepigwa randa tayari, za mteja ambaye hatanidai wiki hii. Misumari ipo koponi.

Jua bado halijazama. Nakwenda kukifunika kisima leo.