Maziwa ya Punje

Jumatatu, 4 Aprili
Mvua. Barabara imekatika, basi haliendi popote. Sawa. Nina baiskeli ya marehemu mume wangu na magoti mawili, moja zima.

Binti yangu bado kalala, mshono haujapona. Mtoto wake yuko wodi ya njiti, ng'ambo ya mji. Kaja kabla ya siku zake, mdogo kama punje — Punje ndilo jina nililompa. Mama anakamua, bibi napeleka. Chupa naificha kifuani, ndani ya gauni, isipate baridi. Nimefika nimelowa chapachapa. Chupa kavu!

Jumanne, 5 Aprili
Muuguzi mkuu kamwaga maziwa! Kwenye sinki, naona. Ati yameharibika, yalitakiwa yaje na barafu. Saa nzima kifuani, bibi, hapo ni jikoni. Nikamwambia kifua hiki kimelea watoto sita, hakuna aliyechacha. Wauguzi wadogo wakacheka. Yeye kanionyesha karatasi: Punje kapungua.

Ya jana nayo yalimwagwa. Waliniona nilivyolowa, wakaona haya kuniambia. Huruma ya namna hiyo wabaki nayo!

Nimelia kidogo, nimeshika usukani. Binti sijamwambia.

Jumatano, 6 Aprili
Muuza samaki kanipa barafu na kisanduku chake. Kakisugua kwa ndimu mara tatu. Nimenusa mara nne.

Jirani: mama, kwa upepo huu utavunjika nyonga. Nyonga ya nani?

Nimeanguka kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali. Mimi chini, kisanduku juu yangu — ndivyo inavyotakiwa. Muuguzi kapima ubaridi, kanitazama. "Haya, bibi." Maneno mawili tu, nimekuja nayo mpaka nyumbani.

Alhamisi, 7 Aprili
Gramu kumi! Kaongeza!

Nimemwambia binti yote. Kalia, halafu kacheka mpaka kashika mshono: mama, ulitaka kuyachemsha? Binti huyu ndiye aliyenifundisha herufi, alipokuwa darasa la pili, mimi tayari nina mvi. Alinicheka vilevile nilipoandika S kinyume.

Ijumaa, 8 Aprili
Naandikia barazani kwa fundi cherehani. Daraja limefunikwa na maji. Upepo ulikuwa unaisukuma baiskeli kama ng'ombe mkaidi, nimeshuka. Fundi anasema maji ni ya magotini, tulia, bibi, yatapungua.

Na barafu itatulia? Nimechungulia: vipande vitatu. Punje analishwa saa nane. Sasa saa saba na nusu.

Watu wawili wamevuka, nimewahesabu. Mmoja mfupi kuliko mimi.

Nimemwambia fundi anifungie kisanduku kichwani kwa kitambaa kigumu. Baiskeli nitaikokota, iwe mkongojo wangu. Anafunga huku ananung'unika, ati ningekuwa mama yake angenifungia ndani. Kaza, mwanangu. Anasema akikaza zaidi sitaweza kugeuza shingo.

Nani kasema nageuka? Kaza!