Kivimbe Chenye Bote Balikiona

Butembo, Komini ya Kimemi
Tarehe 17 Machi 2024

Kwako mudogo wangu mupendwa Jokébed, kule Kisangani,

Amani ya Bwana ikufikie wewe na nyumba yako yote. Bwana yako, baba Paulin, anaendelea namna gani na kazi yake ya kuzunguka masomo akikagua balimu? Kile kikohozi chake kimepona? Na batoto Précieuse na Elikia, natumaini banasoma bila shida. Huku kwetu mvua inanyesha vizuri. Bwana yangu Ignace yuko Masereka tangu juma lililopita, anapanda viazi, na baridi ya huko ni ileile unayoijua, ya kulala na soksi miguuni.

Nakuandikia juu simu nimeishindwa. Nimeona jina lako kwenye kioo, nikaacha iite mpaka ikanyamaza. Pasteur Éliakim anakuja huko kwa mukutano wa kanisa, nimemuomba akupatie hii mukononi. Uisome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho.

Kwanza afya yangu. Nimepasuliwa, Jokébed. Banganga ba hospitali ya Beni balitoa figo yangu ya kushoto. Sasa natembea, nakula, naweza kuinama kidogo, mais ndoo ya maji bado siwezi kubeba. Ngoja nikuelezee yote tangu mwanzo, sawa vile ninavyoyajua mimi.

Unakumbuka wakati mutoto wako Phinées alipokubaliwa kuingia ile formation ya banganga benye banajifunza kusoma picha za ndani ya mwili. Ulilia kwa furaha. Huku kwetu munganga wa namna ile ni mutu wa kutafuta kwa taa. Picha ya mapafu inaweza kupigwa leo, kisha inangoja, na mugonjwa anangoja nayo, mpaka apatikane mutu wa kuielewa. Donc na mimi nilifurahi. Ni mimi nilimulea tangu mulipohamia Kisangani. Alikula kwenye meza yangu pamoja na batoto bangu, na aliniita mama, hapana mama mukubwa. Mama tu.

Siku moja akaniambia kwamba mwalimu wao, Docteur Malachie, anatafuta batu bazima benye banafunzi banaweza kujifunzia ekografi. Unalala kitandani, banakupaka mafuta ya baridi tumboni, na kila mwanafunzi anapitisha juu yako kile chombo kidogo banachokiita sonde, mpaka aone ini na nyongo na figo kwenye televizio. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Nikakubali. Kila siku ya ine ya juma nilifunga kitenge changu kizuri, nikaenda.

Nilipenda ile kazi, sitakuficha. Banafunzi balisema Kifaransa kati yao, maneno yao ya kinganga yenye sikuyaelewa, na mimi niliangalia dari. Nyuma ya wakati kidogo nikaona banaanza kunichukua kwa upole wa ajabu. Mumoja ananishika mukono nikishuka kitandani. Mwingine anaenda mbali kunitafutia kiti chenye mugongo. Hata Docteur Malachie, mutu mukali asiyecheka ovyo, alinisindikiza mpaka mulangoni, akasema kwamba mimi ni mama mwenye roho nguvu. Nilirudi nyumbani nikamuambia Ignace kwamba batoto ba batu bananipenda. Ignace akasema ni juu ninawachekesha.

Phinées alinipima kupita wengine. Somo likiisha na wenzake bakishatoka, yeye alibaki, anapitisha sonde upande wa kushoto, anasimamisha picha, anapima, anaandika. Alisema ni utafiti wa mémoire yake, kile kitabu cha kumaliza masomo, juu ya mafigo. Siku moja nikamuuliza yangu iko namna gani. Akacheka kidogo, akasema figo yangu inatokea muzuri kwenye picha. Na mimi nikacheka pamoja naye.

Kati yao kuko munganga mumoja mwanamuke, jina lake Hadassa, mutoto wa Beni. Nyuma ya Noeli, siku moja akiwa ananipangusa mafuta tumboni, akaniuliza kwa sauti ya chini, sawa mutu anayeuliza habari za nyumbani:

«Mama, operation balikupangia wakati gani?»

Nilifikiri amenichanganya na mugonjwa mwingine. Nikamuuliza operation ya nini.

«Ya figo. Juu ya kile kivimbe.» Kisha akaangalia uso wangu, na mukono wake ukasimama. «Mama, Phinées hakukuambia?»

Jokébed, mule chumbani kulikuwa banganga benye kunijua tangu kiangazi, na hakuna hata mumoja aliyeinua macho. Bote balijua. Balikiona kile kivimbe kwenye televizio kila juma, mimi nikiwa nalala palepale chini ya mikono yao.

Docteur Malachie akaitwa. Akaketi karibu na kichwa changu, akanieleza. Ni yeye aliyekiona wa kwanza, kingali kidogo. Alimuambia Phinées anieleze nyumbani, kwa luga yetu, pole pole, kisha anilete kwa vipimo vingine. Phinées akarudi na jibu kwamba amenieleza, kwamba nimeomba wakati wa kusali na kukutana na jamaa. Kila alipoulizwa tena, alisema mama bado anasali. Docteur akasema kosa ni lake pia, juu alipaswa kunisemesha mwenyewe, na hakuna munganga anayepaswa kumuachia mwingine neno kama lile. Nikaelewa ule upole wote. Balikuwa bananisifu kwa kubeba muzigo ambao mimi sikujua kama niko nao.

Phinées akaja akasimama mulangoni, na ile koti nyeupe ambayo nilikuwa nimeipiga pasi asubuhi. Hakukana. Alisema utafiti wake ulikuwa wa kufuata namna kivimbe cha figo kinavyoendelea, kwa kutumia ekografi peke yake, kwa sababu huku kwetu mashine kubwa hazipatikani. Bagonjwa bengine balikuwa banakuja mara moja na kupotea. Mimi nilikuwa nakuja kila juma. Kama ningepasuliwa, kazi yake ingekatika katikati. Alijiambia kwamba kivimbe kinakomaa pole pole, kwamba ataniambia akishatetea mémoire.

Nilimuuliza neno moja tu, kimekomaa kiasi gani. Akaonyesha kwa vidole. Hapa mwanzoni. Hapa sasa. Hakusita hata kidogo, alikijua kama mukulima anavyojua shamba lake.

Docteur Malachie mwenyewe alinitafutia nafasi Beni. Tulienda na Ignace siku tuliposikia njia iko salama, na Hadassa alitungojea mbele ya hospitali, akalala kwenye benchi la barazani usiku wa kwanza nyuma ya kupasuliwa, mutu ambaye hata si wa ukoo wetu. Kipande cha ile figo kilitumwa Kampala kupimwa. Jibu limerudi juma hili: ilikuwa kansa, mais ilikuwa ingali imefungiwa ndani ya figo. Banganga banasema sihitaji dawa zingine, ni kurudi kupimwa tu. Banasema pia kwamba kama tungengoja mwaka mwingine, habajui bangesema nini. Ile formation ilimufukuza Phinées. Hakurudi kulala kwangu.

Sasa nafika kwa jambo lenye limenikalisha chini kuandika.

Phinées alikuja kuniona Beni. Ignace hakutaka aingie, mimi nikasema aingie. Alikaa chini, hapana kwenye kiti, akalia sana. Sikumukaripia. Nilimuuliza aliwezaje kula ugali wangu kila magaribi na kunyamaza. Akapangusa macho. Kisha akasema:

«Hapana mimi peke yangu, mama. Nilimupigia simu mama kule Kisangani. Alisema nimalize masomo kwanza, kisha tutakuambia.»

Nilimuambia aende. Sikuweza kusikia neno lingine.

Tangu pale nawaza, mudogo wangu. Nawaza ule wakati wa mvua za Oktoba, ulivyonipigia simu mara kwa mara, wewe mwenye ulikuwa unakaa hata miezi bila kuita. Uliniuliza kama nalala vizuri. Ukaniuliza kama mugongo unauma upande mumoja. Ukaniambia ninywe maji mengi, niache kubeba mifuko ya viazi kutoka Masereka. Nikikata simu nilikuwa namuambia Ignace: Jokébed amekumbuka kwamba ana dada. Ile furaha ilikuwa inanifikisha mpaka asubuhi.

Sasa sijui ile ilikuwa nini. Kama Phinées alisema uongo, basi uliniuliza kwa upendo tu, na mimi nakukosea kwa kuwaza hivi, utanisamehe. Kama alisema kweli, ulikuwa unanipima na wewe, kwa simu, sawa vile yeye alivyonipima kwa sonde.

Phinées nimemusamehe mbele ya bazee ba kanisa. Ni kijana, aliogopa kupoteza masomo, na woga unaharibu batu. Akiniita mama bado naitika, hata kama sauti haitoki vizuri. Mais wewe na mimi tulinyonya ziwa moja. Mama yetu alipokufa ni mimi nilikubeba mugongoni kwenda shamba. Kwako siwezi kusamehe jambo nisilolijua.

Usinipigie simu. Usimutume mutu. Niandikie kwa mukono wako, hata mustari mumoja: nilijua, ao sikujua. Sitakuuliza kwa nini. Nitakachofanya na jibu lako, hata mimi sikijui bado.

Umusalimie baba Paulin, na umufiche haya mpaka wewe mwenyewe utakapotaka kumuambia. Umubusu Précieuse, na Elikia umuambie mama mukubwa anamukumbuka. Ignace anawasalimia, ingawa hajui kama naandika.

Mungu akulinde huko ulipo, akulalishe salama, na akupatie kinywa cha kunijibu kweli.

Ni mimi dada yako, ambaye nimejaribu kuacha kukupenda na nimeshindwa,

Katungu