Dirisha la Bosi na Kisanduku cha Matibabu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka chini kabla hujanikasirikia, maana mke wangu nilipompa rasimu ya barua hii aikague alifika katikati akairudisha mezani, akaenda kuanua nguo.

Mimi ni kinyozi, nina kibanda chenye viti viwili na kioo kimoja kirefu, na nina binti wa miaka tisa ambaye nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu tangu anajifunza kuongea hajawahi kuomba kitu, yeye anaagiza. Bosi ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Maumivu yakimshika mifupani analala wiki nzima, mara nyingine hata wiki tatu, na akirudi shule anakuta wenzake wameshamaliza nusu ya kitabu. Dawa na kliniki zinalipwa na bima ya mke wangu, ambaye ni mpishi katika shule ya bweni, kwa hiyo upande huo nashukuru hatujawahi kukwama. Kilichokuwa kinammaliza mtoto ni chumba. Kiko upande wa barabara lakini kilijengwa kama stoo, kilikuwa na kitundu cha hewa tu karibu na dari, basi siku zote hizo za kuumwa alikuwa anatazama ukuta na kusikiliza watu wanaopita bila kuwaona. Siku moja namsugua magoti akaniuliza, "Baba, yule mama wa mboga ana sura gani? Mimi namjua sauti tu."

Nikatoka nje nikajifanya nimeenda kuangalia kama maji yamerudi bombani.

Nikaamua nitamfungulia dirisha, dirisha la maana, la vioo, na chini yake kochi pana la kulalia mchana. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi ujenzi, akaja akagonga ukuta, akapima, akasema kazi yake ataifanya bure lakini vifaa sina uwezo navyo. Ndipo nikatengeneza kisanduku nikakiweka pale kibandani chini ya kioo, nikatangaza kwamba kila Jumatatu nanyoa bila kuchukua hata senti, pesa yote inaingia kisandukuni kwa ajili ya mtoto. Hapa ndipo nilipokosea, mshauri, na nilijua nakosea wakati nakosea. Nilishika kalamu niandike "Mchango wa dirisha la mtoto", shemeji akaniangalia kama nimepungukiwa, akasema, "Nani atoe pesa yake kwa dirisha? Watu wanatoa kwa dawa." Nikaandika "Mchango wa matibabu ya mtoto".

Wakaja. Kwa miezi mitatu Jumatatu zilijaa kuliko Jumamosi, kuna mwalimu mstaafu mwenye upara ambaye hana cha kunyolewa lakini alikaa kitini kila wiki akaniambia nimpitishie mashine hivyo hivyo, kuna madereva walioleta watoto wao, na yule mama muuza mboga, ambaye hanyoi, alisimamisha mkokoteni wake mlangoni akatumbukiza noti iliyokunjwa mara nne, akasema, "Siku akiongezewa damu, hii isaidie." Nikamwambia asante mama. Niliweza kusema asante, mshauri, mdomo wangu haukuona shida.

Dirisha likajengwa. Sitakudanganya na wewe, sijawahi kuona nyumba yetu ikiwa na raha kama sasa. Bosi anajua nani amebadilisha viatu na nani amenuniana na nani, anawafahamu wapita njia wote, na hata siku maumivu yanapokuja anaomba asogezwe pale kochini. Anasoma pia, mwalimu wake anamletea kazi anapitishia dirishani. Mke wangu anaimba jikoni. Ningekuwa mtu wa kuridhika tu, isipokuwa Bosi anaamini kila mtu alichangia dirisha, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo nilivyomwambia mama yake pia, kwa hiyo kila anayepita anaitwa, "Shikamoo, asante kwa dirisha." Wengi wanacheka, wanampungia mkono, wanadhani ni maneno ya kitoto. Mwalimu mstaafu alilitazama dirisha kutoka juu mpaka chini, kisha akamjibu karibu sana.

Wiki iliyopita alishukuriwa mama muuza mboga. Akasimama, wakaongea muda mrefu, mimi naona kutoka ng'ambo ya barabara lakini sisikii. Mchana akaja kibandani, akakaa kwenye kiti cha pili, akaangalia pale kisanduku kilipokuwa, akasema, "Nimeongea na mtoto." Akainuka akaenda zake.

Shemeji anasema dawa ni rahisi, niwaambie watu kwamba mtoto akipewa vidonge vya maumivu anachanganya mambo, asisikilizwe sana. Mke wangu ndiyo kwanza amejua ukweli kupitia ile rasimu, na alipomaliza kuanua nguo nikamwambia na hili la shemeji. Anasema nikithubutu kusema hivyo yeye mwenyewe atasimama dirishani awaeleze watu. Mimi niko katikati. Nikisema ukweli nitapoteza wateja na heshima, na labda mtoto ataona aibu kukaa pale. Nikifuata maneno ya shemeji mambo yatapoa yenyewe. Nifanye nini?

Mimi, kinyozi, baba wa Bosi.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Bosi, nimekusoma mpaka chini, na nilikukasirikia mara mbili tu.

Kwanza nikupe pole, na hongera pia, maana unavistahili vyote. Mtoto anayelala wiki tatu akitazama ukuta anaumwa maumivu ya pili ambayo hayamo kwenye cheti chake cha hospitali, na wewe uliyaona. Kumpa mgonjwa furaha si anasa wala si kuchezea pesa. Kama ungeniandikia kuuliza iwapo dirisha ni kitu cha kuchangiwa, ningekujibu kwa neno moja, ndiyo.

Lakini hukuwauliza watu wako swali hilo. Ulimwacha shemeji yako awajibie, kwamba ni wagumu, watatoa kwa dawa tu. Yule mwenye upara anayelipia kunyolewa nywele asizonazo, kweli angekataa kumnunulia mtoto kioo? Uliwadharau, bwana, wakati wao wanakuheshimu. Na yule mama alikutajia kabisa pesa yake ni ya kazi gani. Hapo ndipo nilipokukasirikia mara ya kwanza.

Mara ya pili ni kwa sababu uko "katikati". Hakuna katikati. Binti yako ndiye mtu pekee katika mtaa huo anayesema ukweli kuhusu dirisha hilo, na wewe unafikiria kumtangaza kuwa dawa zimemvuruga akili. Siku hospitalini atakaposema "naumwa hapa" na mtu akajibu huyu huwa anachanganya mambo, utamwambia nini? Uongo ni wako, ubebe mwenyewe. Usimtwishe mtoto mgonjwa.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mama muuza mboga kabla ya mtu mwingine yeyote. Nenda asubuhi kabla hajaanza kuuza, na bila mtoto, usije ukamtumia Bosi kama ngao. Chukua pesa kamili aliyotoa, mwambie ulichofanya kwa maneno mafupi, umpe achague. Usilie, utamlazimisha akubembeleze. Halafu Jumatatu, kibanda kikijaa, zima mashine na useme mbele ya wote, mara moja, kwamba matibabu yalikuwa na bima na pesa ilijenga dirisha. Anayetaka yake arudishiwe, hata kama ni kidogo kidogo kwa miezi. Wengine watahama, waache wahame, wana haki. Bosi mweleze wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa lugha ya mtoto wa miaka tisa, kwamba baba aliandika neno lisilo kweli na sasa amelifuta, na kwamba dirisha ni lake na hakuna atakayeliziba.

Shemeji mshukuru kwa ukuta. Ushauri wake mwachie mwenyewe.

Na jambo moja ambalo hukuniuliza: mwulize muuguzi wa kliniki kuhusu upepo wa hapo kochini, maana baridi haimfai mtoto wa aina hiyo. Mfunike miguu, na chupa ya maji ikae karibu naye siku nzima.

WIKI TATU BAADAYE

Kinyozi ameandika tena, kwa ufupi safari hii, nami naweka maneno yake kama yalivyo.

"Mshauri, nimefanya. Jumatatu niliongea mashine ikiwa imezimwa, nilipomaliza dereva mmoja akasema, 'Sasa washa, nina safari.' Watatu wamedai pesa zao na nimeshamlipa mmoja. Wawili hawajarudi kunyoa. Mwalimu mstaafu anasema alijua tangu siku ile Bosi alipomshukuru, na anapita dirishani kumfundisha Bosi hesabu, wanagombana sana. Bosi nilipomweleza aliniuliza kwa nini sikuandika dirisha, ni neno rahisi. Mke wangu ameanza kuongea nami vizuri, isipokuwa kila nikisema kitu ananiuliza kama ni kweli. Mama muuza mboga nilimpa pesa yake nikitegemea atasema acha tu. Hakusema. Aliichukua, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema amesikia. Asubuhi bado anasimama dirishani na kuongea na mtoto, lakini mimi ananisalimia kwa kichwa tu. Je, nimuombe tena msamaha?"

Hapana, baba Bosi. Umeomba, amesikia, na pesa ilikuwa yake. Hana deni la kukuchekea. Kesho nenda mkokotenini kwake ukanunue mboga kama mteja mwingine yeyote, ulipe bei atakayotaja, usipunguziwe, na urudi keshokutwa.