Chai Chungu ya Katesh

Endagikot, Alhamisi

Joakimu wangu, mume wangu wa wiki ya sita,

Bado nafurahi kuliandika hilo neno "mume". Mama yako hajambo, maharage yametoa maua, na kuku wako mwekundu anaatamia. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningelia.

Jumapili ulinipigia kutoka huko Katesh kwenye ujenzi ukaisifia chai ya mgahawa wa Marieta, ile ya habasoda na magome machungu. "Tamu mno, mke wangu!" Mpenzi, chai yangu unaitia sukari vijiko vitatu. Ya Marieta, chungu namna hiyo, unaimaliza bila sukari?

Basi nimenunua habasoda mnadani, vipunje vyeusi kama mchanga wa mtoni. Mara ya kwanza nilizikaanga zikaungua. Mara ya pili nikachemsha nyingi mno. Mama yako alionja, akatema, akacheka: "Bibi harusi, unampikia mume au unamtibu mafua?" Nilicheka naye, halafu nikaenda kulia zizini.

Nakupenda mpaka nakionea wivu kikombe. Kwa hiyo Jumamosi napanda basi kuja Katesh. Usimwambie Marieta. Nitakaa kama mteja tu, niagize chai hiyo bila sukari, niinywe yote. Ikiwa tamu kweli, nitamwomba anifundishe. Ikiwa chungu, nitajua hukufuata chai, na tutarudi sote Endagikot.

Wako peke yako, nawe uwe wangu hivyo hivyo,
Tekla