Tumbo la Mlimani

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba watoto wamepona mafua uliyoyataja. Kama bado, waambie shangazi yao anawapa pole. Huku tupo. Baba anakula, analala, anaota jua kando ya ukuta wa jiko. Ukimuuliza hali anasema nzuri. Mimi pia nikiulizwa nasema nzuri. Baridi imerudi, na siku hizi ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Ile kazi ya kuhesabu matumbo tuliimaliza mwaka jana. Unakumbuka nilikuandikia kuwa daktari wa hospitali ya huko chini alituomba sisi wahudumu wa zahanati tupite nyumba kwa nyumba, tuulize ni watu wangapi wenye tumbo lile linalouma na kujaa, leo unaharisha, kesho hupati choo, na ukipimwa hawaoni kidonda. Nilizunguka vitongoji sita na dodoso langu mkononi.

Kaka, watu wanaumwa na wamenyamaza. Fundi viatu aliniambia njia za huku hazijui kwa majina, anazijua kwa vyoo vyake. Mwalimu mstaafu akitaka kusafiri hufunga kula siku mbili. Kuna mpasua mbao nilimhoji uani, kisha nikamhoji mkewe ndani, nikakuta kila mmoja amemficha mwenzake miaka kumi na moja. Walipoambiana, mke alicheka mpaka akakaa chini. “Kumbe muda wote huo nagombea choo na mgonjwa mwenzangu!” Nilicheka nao. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Katika kitongoji chetu nilihoji watu wazima arobaini na mmoja. Tisa wanalo. Wanaliita tumbo la mlimani, kama vile limekuja na mawe. Huyu analaumu maji, yule baridi, mwingine mawazo. Daktari alisema chanzo chake hakijulikani sawasawa, linatesa lakini haliui. Ila kabla hatujaanza alitukalisha akatuonya kwamba jambo likishakuwa la kila mtu, hakuna anayeliangalia tena, na ugonjwa mwingine unaweza kujibanza nyuma yake. Ndiyo maana dodoso lilikuwa na swali la damu chooni. Mtu akijibu ndiyo, unamwandikia hapo hapo barua ya kwenda hospitali, na hahesabiwi na wenye tumbo la mlimani.

Katika barua yako umeuliza kama mama aliwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Siku ya maziko yake ulisema mama alikuwa msiri, wajomba wakaitikia. Na mimi niliitikia.

Mama hakuwa msiri. Aliniambia mimi.

Nyumbani nilifika siku ya tisa ya kazi, mchana, baba akiwa shambani. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Alisema nimuulize kama ninavyowauliza wengine, isije ikasemwa kwamba mama wa mhudumu anapendelewa. Alijibu yote vizuri. Nilipofika kwenye damu alisema, “Ndiyo. Tangu mvua zilipoanza.” Kisha akaiangalia kalamu yangu. “Andika hapana, mwanangu. Mwendo wa kutwa nzima, nikavuliwe nguo na vijana wa umri wa kaka yako? Hili ni tumbo la mlimani tu.”

Nikaandika hapana.

Usidhani nilimtii tu. Ningekuwa nimemtii tu, leo ningekuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimechoka, magoti yamevimba, na nilijua nikiandika ndiyo ni mimi nitakayeshuka naye, nilale kwenye mabenchi, niache kazi katikati. Aliposema niandike hapana nilifarijika. Kalamu ilikwenda haraka. Nikamalizia ukurasa, nikaomba chai, nikanywa. Miezi saba baadaye ndipo ulipokuja kumzika.

Wiki iliyopita nilishuka nikamwambia daktari. Hakunigombeza. Alitafuta karatasi ya mama kwenye fungu, akaitoa, akarekebisha hesabu. Kitongoji chetu sasa kina wanane. Nilimuuliza kama angepona. Alisema hawezi kujua, ila angeangaliwa.

Silii, kaka. Nafagia, napika, naenda zahanati. Baba sijamwambia. Wewe ndiye mkubwa, nangoja neno lako. Ukisema nimwambie, nitamwambia siku hiyo hiyo. Ukiona usiniandikie tena, nalo nitalipokea.

Lakini kabla hujaamua lolote, nakuomba kitu. Tumbo lako nalijua tangu utoto. Ulikuwa unachelewa shule kwa sababu yake, unachapwa, na husemi. Huko uliko hospitali ni karibu. Nenda wiki hii. Ukiulizwa habari ya damu, jibu lililo kweli, kisha usiondoke mpaka uone kwa macho yako walichoandika.

Msalimie wifi. Wabusu watoto. Baba anawasalimu, ameniambia hivyo sasa hivi nilipompelekea shuka, akauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemjibu nakuandikia habari za nyumbani.

Mimi mdogo wako,
ambaye ulizoea kumbeba mgongoni