Vitabu Visivyotisha

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu mpenzi,

Hujambo? Habari za huko, za kazi, za ule mguu ulioteguka kwenye ngazi? Mimi sijambo, ila koo. Usishtuke kuona barua. Daktari amenikataza kusema, hata kwa kunong'ona, na simu ndiyo hivyo tena: kwa vidole hivi vya kushikia spana, nikibonyeza herufi moja zinatoka tatu. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Kile kiuvimbe cha kooni, ambacho nilikuambia ni mafua yaliyokataa kuondoka, wamekikata kipande wakakipeleka maabara. Majibu bado. Nashinda karakana, mteja anaingia na kuniuliza friji lake lina nini, namjibu kwa mikono. Mmoja kaniambia, "Fundi, siku hizi umekuwa na maringo." Nikacheka, halafu nikaogopa jinsi kicheko chenyewe kilivyotoka.

Nitafutie vitabu. Vile vyetu: vya sayari nyingine, vyombo vya anga, majoka, watu waliovuka mlango wakatokea dunia isiyo hii. Madukani hapa hakuna kitu. Nimekuta vitabu vya mitihani na vya namna ya kutajirika, na mwenye duka aliposoma neno "majoka" kwenye karatasi yangu akanipeleka rafu ya ufugaji. Wewe unafanya kazi katikati ya vitabu, huwezi kukosa. Sharti langu unalijua: lazima kitishe. Humu ndani nina woga mmoja mkubwa, nautafutia mwenzake wa kupigana naye.

Shangazi yako anakusalimu. Siku hizi anaongea kwa niaba yangu, na kazi hiyo anaifurahia kupita kiasi.

Baba yako

*

Alhamisi, 15 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepona, nashukuru. Barua yako niliisoma nimesimama stoo, nikajikuta nimekaa juu ya gunia.

Kutafuta si mchezo. Vitabu vya mitumba tunaletewa kwa magunia, vimechanganywa vyote, na majalada yana uongo mwingi. Nimeokota kimoja, jaladani chombo cha anga kinawaka moto, ndani ni mawaidha ya kupunguza mwili. Mwenzangu wa kaunta anachagua kwa picha, bosi kwa unene. Mimi nafungua katikati, maana mwanzo kila mwandishi anaupiga pasi. Nikikuta huko katikati watu wanagombana, wanadanganyana, wanakimbia, na nikasahau kwamba miguu inaniuma, nakiweka kando. Nikikuta wanaelezana historia ya ufalme kurasa kwa kurasa, kinarudi guniani.

Nimekutumia vitatu kwa basi. Vyote nimevisoma kwanza, mpaka mwisho. Majibu yakitoka tu mwambie Shangazi anipigie, hata nikiwa kazini. Nalala vibaya, Baba.

Binti yako

*

Jumatano, 28 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Mimi nipo. Vitabu vimefika, nimevimaliza, sasa niambie ukweli.

Joka la kitabu cha kwanza linakula majani. Cha pili, chombo kinapaa, kinatua, abiria wote wazima, hata mafua hakuna aliyepata. Cha tatu, mchawi anamaliza vita kwa mazungumzo. Vimeandikwa vizuri, silalamiki. Lakini wewe! Wewe uliyeniletea kile cha wadudu wanaoishi ndani ya kuta, nikashindwa kwenda chooni peke yangu, ukanicheka mpaka ukaishiwa pumzi!

Maisha yangu yote nimesikiliza majokofu. Friji likinguruma mteja ndiye anayelalamika. Mimi linanitia wasiwasi lililonyamaza. Nimevisikiliza vitabu vyako, vimenyamaza. Hakuna anayeumwa, hakuna anayekufa, hospitali haitajwi. Mtu anachaguliwa vitabu vya namna hiyo akiwa katika hali gani? Nani amekuambia? Naona daktari kampigia Shangazi, Shangazi kakupigia wewe, mkakubaliana mzee asome kwa raha siku zilizobaki. Nilimuuliza Shangazi kwa karatasi. Akasema, "Kaka, umeanza kuchanganyikiwa," halafu akaangalia pembeni.

Siku ya kuchukua majibu ilikuwa juzi. Sikwenda. Kama nyinyi mmeshayajua, inatosha. Sitaki kuyasikia kwa mdomo wa mgeni.

Baba yako

*

Jumapili, 1 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo hali yako siiulizi kwa mazoea, naiuliza kweli.

Naapa sijui chochote. Hakuna aliyenipigia. Shangazi aliangalia pembeni kwa sababu anaogopa, kama mimi, kama wewe.

Vya kutisha nilivipata, tena vizuri ajabu. Kila nilipofika mahali mtu anakohoa, nilikifunga kitabu. Kimoja nilikirudisha guniani kwa sababu tu baba wa msichana aliamka na homa. Vile vitatu nilivichagua kwa ajili yangu mimi, nisiyepata usingizi tangu barua yako ya kwanza. Sikufikiria kwamba utanisoma mimi badala ya kuvisoma vitabu.

Na wewe, kwa ajili ya joka la kula majani, umeacha kwenda hospitali! Baba! Nenda kesho. Kama hunisikilizi mimi, basi muogope dada yako, nimeshamwambia akuburute.

Nakutumia kile nilichokuwa nimekificha. Kuna mji uliojengwa kwenye mwezi wa sayari ya mbali, hewa yake inatengenezwa na mtambo mmoja, na mtambo unaanza kufa. Fundi wake ni mzee. Anaingia chumba cha mtambo, mlango unajifunga nyuma yake, binti yake amebaki nje. Nilipofika hapo sikuweza kugeuza ukurasa. Sijui kama anatoka. Ni kitabu kizuri kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu mwaka huu, na nakichukia.

Binti yako

*

Jumanne, 10 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Ofisi ya mabasi wanasema kifurushi kimechukuliwa. Simu ya Shangazi haipatikani kabisa. Leo kazini nimebandika bei ileile kwenye vitabu vyote vya mezani, bosi akaniuliza, "Wewe uko wapi?" Nikaanza kuzibandua, moja moja.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Naogopa, Baba. Niandikie hata neno moja.

Binti yako

*

Ijumaa, 13 Juni

Binti yangu mpenzi,

Hujambo? Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Shangazi yako alinipeleka hospitali kama anavyopelekwa mtoto anayekataa shule, na katika haraka ya kunitafutia viatu simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Mpaka leo imezima.

Majibu ni mabaya. Naandika upesi nisipate nafasi ya kulipamba neno. Ni saratani, na imeota kwenye kisanduku cha sauti. Daktari, kijana mpole, anasema wanaweza kuitoa, ila itatoka pamoja na sauti. Nikaandika: "Nikikataa je?" Akasoma, akavuta kiti karibu, akasema, "Mzee wangu, ukikataa itaziba njia ya hewa."

Nimekubali. Saini yenyewe ikatoka kama ya mtu mwingine. Naogopa kisu. Naogopa kuzinduka, nifungue mdomo nimwite mtu, kisitoke kitu. Naogopa zaidi kutozinduka. Shangazi nimemwandikia kwamba niko tayari, akafurahi, kwa hiyo hayo ninayokuambia wewe usimwambie.

Operesheni ni Jumatano. Kitabu chako nimekisoma mpaka pale mlangoni, na mimi nikakifunga. Fundi kwa fundi, siwezi kuingia naye peke yangu. Njoo. Wewe utasoma kwa sauti, mimi nitasikiliza.

Baba yako

*

Jumamosi, 21 Juni, wodini

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Naandika nyuma ya kadi ya dawa kwa sababu karatasi umeikalia.

Nimezinduka, na kweli hakikutoka kitu. Nilikuita mara nyingi, wewe umeinamia kitabu, husikii. Daktari anasema hawajajua bado kama saratani wameitoa yote, watapima tena. Hayo usinisemeshe leo.

Umesoma vizuri, ila unakimbia. Ulipofika pale fundi anapofungiwa mlango ukanitazama, ukaacha kusoma, ukadhani nimelala. Sijalala. Nimefumba macho kwa woga. Geuza ukurasa.

Baba yako